Maji ya Uvuguvugu

Binti yangu kaja na karatasi ya mafundisho ya kipaimara. Maswali mawili ya mwanzo aliyamaliza mwenyewe. La tatu lilimshinda, akanifuata nilipokuwa nakunja nguo: "Mtaje mtu unayemfahamu anayeishi kwa kusudi la Mungu kila siku. Eleza anavyofanya." Alishamfikiria mchungaji, akaona darasa zima litamwandika mchungaji.

"Mama, wewe unamjua mtu yeyote wa hivyo?"

Hakuuliza kama ni mimi. Tuyaache hayo.

Jibu lilinitoka kabla sijafikiri: "Yule sista aliyenifundisha kuosha maiti." Akanitazama kwa muda, akashukuru kwa adabu, akaenda kumwandika mchungaji.

Basi nawaandikia ninyi.

Ilikuwa zamu ya usiku, wodi ya wanaume, nikiwa muuguzi mpya kabisa, bado sare inakwaruza shingo. Asubuhi yake nilitakiwa kwenye semina ya vijana kuhusu kusudi la maisha. Nilikuwa nimepewa dakika chache nifafanue Wakolosai 3:23, ule mstari wa "lo lote mfanyalo, lifanyeni kwa moyo, kama kwa Bwana, wala si kwa wanadamu". Maelezo yangu nilikuwa nimeyaandika vizuri kwa kalamu mbili, nyeusi na nyekundu, yamekaa mfukoni. Mfuko mwingine ulikuwa na mkasi na saa.

Sista niliyepangwa naye, muuguzi mwenzangu, alikuwa mtu mzima, mzito wa kutembea, asiye na maneno mengi. Kwenye ushirika wetu wa maombi pale hospitali hakuwa anakuja. Tukimwalika alijibu, "Nitakuja, wanangu," na haji. Kwa hiyo jina lake lilikuwa halikosi kwenye orodha ya watu wa kuombewa.

Kabla ya alfajiri mzee wa kitanda cha dirishani akafariki. Alikuwa ameugua muda mrefu, na kwa muda huo wote sikuwahi kuona mgeni kitandani pake. Daktari akaja, akathibitisha, akaandika, akaondoka. Kifo hakikuwa cha kuchunguzwa. Kingekuwa cha kuchunguzwa tusingegusa hata kanula, ule mrija mdogo wa dripu mkononi, tungemfunika na kusubiri. Huyu alikuwa wa kuandaliwa kupelekwa mochwari.

Darasani nilikuwa nimefundishwa yote. Mlaze chali, nyoosha viungo, funga macho, egemeza kidevu, na usichelewe sana, maana mwili huanza kukakamaa baada ya saa chache, na taya ni miongoni mwa sehemu za mwanzo. Nikavuta pazia. Nikachota maji bombani, nikarudi na beseni.

Sista akaingiza kidole, akakitoa.

"Haya ya nini?"

"Ya kumwoshea, Sista."

"Wewe unaogea ya baridi?"

Akalichukua beseni mwenyewe, akaenda nalo. Nilibaki nyuma ya pazia na marehemu, naangalia saa, nahesabu muda wa kufika kwenye semina. Aliporudi maji yalikuwa yanatoa mvuke kidogo. Akajimwagia matone kwenye kifundo cha mkono, upande wa ndani, kama wanavyopima mama wa watoto wachanga. Ndipo akavaa glavu.

Na akaanza kuongea. Hakuwa anaongea na mimi.

"Mzee," akamwita kwa jina lake, "tunakusafisha sasa. Naanza na uso."

Akaufuta uso, nyuma ya masikio, mikunjo ya shingo. Akaweka pamba yenye maji juu ya kope ili zitulie. Akaviringisha taulo ndogo, akaisukuma chini ya kidevu. Kila hatua aliitangaza kwanza, kwa sauti ileile aliyotumia jana yake kumwambia mgonjwa wa kitanda cha pili kwamba anamchoma sindano. Nilipochomoa kanula akanipa pamba nibane, kwa kuwa aliyefariki naye huweza kuvuja damu. Nikabandika plasta, nikadhani mkono ule umekwisha.

Haukuwa umekwisha. Nyuma ya kiganja kulikuwa na alama za gundi. Mnazijua kama mmewahi kulazwa: ile michirizi ya kijivu inayobaki plasta ikitolewa, inayokusanya vumbi na nyuzi za shuka. Mzee alikuwa amebadilishiwa kanula mara nyingi, kwa hiyo michirizi ilipita juu ya michirizi mingine, kuanzia vidoleni hadi karibu na kiwiko. Sista akaloanisha pamba kwa spiriti, akaanza kuisugua. Taratibu, kwa mizunguko midogo, akishikilia ngozi kwa mkono wa pili isivutike, maana ngozi ya mzee ilikuwa nyembamba kama karatasi ya sigara. Pamba ikiwa nyeusi anatupa, anachukua nyingine. Harufu ya spiriti ikajaa nyuma ya pazia. Nikawa nasubiri aseme inatosha. Akamaliza mkono wa kulia, akazunguka kitanda, akaanza wa kushoto.

Mkono huo ulikuwa unakwenda kufunikwa shuka. Hakukuwa na ndugu wa kuuona.

Tulipomgeuza ubavu kufuta mgongo, mzee akatoa sauti. Pumzi ndefu, kama mtu aliyechoka anayeketi. Wauguzi mnajua: ni hewa iliyobaki mapafuni, ukimgeuza inatoka. Mimi nilijua pia, nilishaijibu kwenye mtihani, na bado nilirudi nyuma nikakumbatia pazia.

Sista hakuniangalia. Akaweka mkono begani kwa mzee, akasema, "Pole, mzee. Tunamalizia."

Yaliyobaki yalikwenda haraka. Lebo mkononi, lebo mguuni, shuka, fomu, wahudumu wa mochwari na kitanda chao cha magurudumu kinacholia. Semina nilifika nimechelewa, nikasema niliyoyaandika, wakaitikia amina. Sista na mzee sikuwataja. Sikujua ningewaingiza kwenye pointi ipi.

Tangu hapo nimekuwa nikirudia kusoma mambo haya kwa jicho lingine, na kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyopungukiwa uhakika. Huo mstari wangu wa Wakolosai, kwa mfano. Tunaubandika ofisini, tunauchapisha kwenye vikombe, lakini anza mstari mmoja nyuma uone Paulo anasema na nani: "Ninyi watumwa." Watu ambao kazi yao hawakuichagua, wala hapana aliyewaita semina wakagundue vipawa vyao. Sijui wangetuonaje na kalamu zetu mbili.

Halafu kuna Mathayo 25. Mkihesabu mle ndani, Yesu anataja matendo sita: kulisha, kunywesha, kukaribisha mgeni, kuvika, kumtazama mgonjwa, kumwendea mfungwa. Maiti hayumo. Wakatoliki wana matendo saba ya huruma ya kimwili, na hilo la saba, kuzika wafu, lina mizizi katika kitabu cha Tobiti, ambaye huko Ninawi alikuwa akiwazika ndugu zake Waisraeli waliouawa. Biblia yangu haina Tobiti; niliazima kwa jirani, na bado hajaidai, naye Mungu ambariki. Ila hata bila Tobiti jambo lenyewe lipo. Dorkasi alipofariki kule Yafa, kabla Petro hajaitwa, Matendo ya Mitume 9 inasema walimwosha, wakamweka orofani. Kaisari Juliani naye, mtawala wa Roma aliyewachukia Wakristo, aliandika karibu mwaka 362 akilalamika kwa kuhani wake mkuu wa Galatia kwamba watu hawa wanaongezeka kwa sababu ya ukarimu wao kwa wageni na jinsi wanavyoyatunza makaburi ya wafu. Hakutaja mahubiri yao.

Lakini kinachonisumbua zaidi katika Mathayo 25 ni mshangao wa wale wenye haki. "Bwana, ni lini tulipokuona?" Hawakujua. Wanasifiwa kwa kitu ambacho hawakuwa na habari nacho. Sasa hapo kusudi linaingilia wapi? Kama ningemwosha mzee huku najiambia kwamba namwosha Kristo, je, ningemwona mzee? Au ningekuwa najitazama mimi mwenyewe nikitenda mema? Kwa upande wa pili siwezi kusema mambo ya Mungu hutokea tu. Nikodemo alikwenda kumzika Yesu akiwa na manemane na uudi yapata ratli mia. Mzigo wa namna hiyo haubebwi kwa bahati mbaya. Mtu ameamua, ametafuta, amelipa. Kwa hiyo wapo wa aina zote mbili, na mimi sijui Sista alikuwa wa aina gani.

Mwaka jana nikaamua kumwuliza. Amestaafu, ila namba yake ninayo. Tulipomaliza salamu, za watoto na za magoti, nikamkumbusha usiku ule, nikamwuliza wazi: alikuwa anafanya vile kwa ajili ya Mungu?

Akacheka. "Wewe na maswali yako! Mimi nilitaka zamu ya asubuhi isikute kazi nusu nusu."

"Sista, kazi haikudai gundi itoke mikono yote miwili."

"Gundi inakera."

"Na maji ya moto je? Uliniuliza kama mimi naogea ya baridi."

Kimya kidogo. "Mwanangu, vidole vyangu vilikuwa vinauma tangu enzi hizo. Nikitia mikono kwenye maji ya baridi usiku silali kesho yake. Hayo yalikuwa maji yangu."

Huenda. Lakini vidole vinavyouma havimwambii maiti pole. Nilitaka kumwambia hivyo, ila alikuwa ameshahamia kuniuliza kama bado nimo kwenye ushirika ule wa maombi na kama bado tunaandika orodha. Nikamwambia nimo, na tunaandika.

"Basi nirudisheni," akasema. "Magoti haya yananimaliza."