Chungu cha ajono

Jioni baada ya palizi, katika vijiji vya Teso, mashariki mwa Uganda, utawakuta wazee wamezunguka chungu kimoja, kila mtu na mrija wake mrefu. Hiyo ndiyo ajono, pombe ya wimbi ambayo mjini tunaiita malwa. Wanywaji ni wengi, lakini kazi iliyo nyuma yake ni ya akina mama, na inastahili heshima kuliko inayopata.

Unga wa wimbi huchanganywa na maji kidogo tu, uwe mabonge yenye unyevu, si uji. Hufukiwa shimoni au kufungwa guniani kama wiki moja, hadi utoe harufu kali ya uchachu. Kisha hukaangwa kwenye karai pana, ukigeuzwa bila kupumzika mpaka uwe kahawia, halafu huanikwa juani. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: ukiungua, pombe yote inakuwa na uchungu, usipokauka vizuri, unaota ukungu.

Unga huo mkavu hutiwa mtungini pamoja na maji na kimea, yaani punje za wimbi zilizolowekwa, zikaota, zikakaushwa na kusagwa. Bila kimea, wanga haugeuki sukari, na pombe haichachi. Ukikitia kwenye maji yanayochemka umekiua.

Baada ya siku tatu hivi mtungini, machicha hutiwa chunguni na kuongezwa maji ya moto kila yanapopungua. Ncha ya mrija ina kichujio kidogo kilichosukwa. Kikifumuka, unavuta machicha matupu.

Na mrija shika kwa mkono wa kulia, tafadhali.