Maji Hayana Mwenyewe

Mpira wa mwanangu ulipodondoka kwake kwa mara ya tatu, jirani yetu aliurudisha mwenyewe mpaka mlangoni. Alikuwa ameutoboa, akaukunja vizuri kama mtu anayerudisha nguo ya kuazima. "Mali yenu hiyo," akasema, akageuka. Shikamoo yangu aliiitikia kwa kukohoa.

Mji wenyewe mdogo. Unanuniana na mtu asubuhi, mchana unamkuta posta, Jumamosi mmekaa benchi moja msibani, na watu wanajua mmegombana kabla hamjamaliza kugombana.

Mzee yule alitusema kwa majani ya mti wetu, kwa geti letu linalolia, kwa redio. Kwenye redio alikuwa na haki. Mume wangu huifungulia kama vile mtaa mzima ni viziwi.

Lakini kilichonitoa machozi ni maji. Mwaka ule aliezeka upya, gata akaielekeza kwetu, bila bomba la kuyashusha maji. Kila ikinyesha, yote yalimwagika chini ya ukuta wa chumba chetu. Lipu ikavimba, ikatoa unga mweupe wa chumvi, kisha ikabanduka vipandevipande mpaka usawa wa goti. Fundi alinipigia hesabu: mvua ya milimita 10 tu, kwenye paa la mita za mraba 100, ni lita 1,000 za maji. Bora asingeniambia. Tangu siku hiyo, wingu likitanda tu silali.

Nilimwendea mara mbili. Mara ya kwanza akanijibu, "Maji hayana mwenyewe, binti. Yanafuata mteremko." Mara ya pili hakufungua.

Usiku mmoja ikashuka mvua isiyo na simile. Kwenye saa nane nikachukua tochi, nikaenda kumgongea. Maneno nilikuwa nimeyapanga njia nzima, ingawa njia yenyewe haifiki hatua 20. Nikakuta mlango wazi. Mzee yumo ndani, suruali kaikunja magotini, anachota maji ya sebuleni kwa sufuria na kuyamimina kwenye ndoo. Chumba cha pili, kitanda kimeinuliwa juu ya matofali, na mkewe kalala, ananitazama tu. Sikujua kwamba alikuwa mgonjwa. Kwenye mji ambao hata kikohozi kina habari zake, mimi wa ukuta kwa ukuta ndiye sikujua.

"Yanatoka kwenu," mzee akasema, hata kichwa hakuinua.

Nikamulika. Yalikuwa yanapenya chini ya ukuta wa upande wetu, palepale tulipomwaga kifusi miaka miwili nyuma ili uani kwetu pasituame. Tulipojiinua sisi, yeye tukamwacha bondeni.

Maneno yangu yote yakaniishia. Nikaiweka tochi juu ya kabati, nikashika ndoo. Tulichota mpaka alfajiri. Asante sikuipata, ila nilikaripiwa mara mbili kwamba namwaga karibu mno na mlango.

Baadaye tulichimba mtaro kati ya nyumba zetu, gharama nusu kwa nusu, baada ya kubishania upana wake siku tatu. Gata akaifungia bomba.

Mpira ulipodondoka tena kwake, ulirushwa juu ya ukuta ukiwa mzima. Nyuma yake ikafuata sauti: "Na hiyo redio!"