Hesabu za uwezekano huharibikia kwenye asili

Swali la uwezekano likikosewa, mara nyingi kiasi, yaani namba ya juu ya sehemu, hakina tatizo. Kilichoharibika ni asili, ile namba ya chini.

Chukua dadu mbili. Uwezekano wa kupata jumla ya 7 ni upi? Wengi huorodhesha jumla kuanzia 2 hadi 12, wakaona ziko 11, wakaandika 1/11. Si kweli, kwa sababu jumla hizo hazina nafasi sawa. 2 hupatikana kwa njia moja tu, 1 na 1. 7 ina njia sita: 1 na 6, 2 na 5, 3 na 4, 4 na 3, 5 na 2, 6 na 1. Chora jedwali la safu 6 kwa 6 ujaze jumla zote 36. Utaziona zile 7 zote sita zimejipanga kwa mshazari. Jibu ni 6/36, yaani 1/6. Anayebisha kwamba "3 na 4" ni sawa na "4 na 3" apake dadu moja rangi nyekundu, kisha aangalie tena. Jedwali hili nalipenda kuliko kanuni yoyote, maana halimruhusu mtu kubahatisha.

Goroli nazo: mfukoni mna 5 nyekundu na 3 za bluu, unatoa mbili bila kurudisha. Zote kuwa nyekundu ni 5/8 × 4/7 = 5/14. Ukiandika 5/8 mara mbili, umeirudisha goroli ambayo swali limekataa irudishwe. Wakiuliza "angalau moja ya bluu", toa tu 5/14 kwenye 1, upate 9/14.

Kwenye jiometri, asili ni eneo. Duara limo ndani ya mraba wa upande sm 14, likigusa pande zote nne. Nukta ikiangukia popote ndani ya mraba bila upendeleo, uwezekano wa kuwa ndani ya duara ni upi? Nusu kipenyo ni sm 7, kwa hiyo eneo ni 22/7 × 7 × 7 = 154. Mraba ni 196. Jibu: 154/196 = 11/14.

Ukiweka 14 badala ya 7, duara linakuwa 616, kubwa kuliko mraba uliolibeba, na uwezekano unapita 3! Uwezekano hauzidi 1 kamwe; ukizidi, kagua nusu kipenyo kwanza.

Na duara la nusu kipenyo sm 3.5 ndani ya mraba uleule je? Usikimbilie kugawa kwa 2. Nusu kipenyo hupigwa mraba, hivyo eneo linabaki robo: 38.5, na uwezekano ni 11/56.