Mombasa na watoto: fuata saa za chakula

Watu wakisikia tunashuka Mombasa na watoto huniuliza hoteli gani ina bwawa la kuogelea. Mimi huwauliza: mtaamka saa ngapi? Mombasa ni mji wa asubuhi na jioni. Adhuhuri jua ni kali, maduka mengi ya Mji wa Kale yamefungwa na wenyewe wamejipumzisha. Ukimkokota mtoto wa miaka minne barabarani saa saba mchana, atalia yeye na utaumwa kichwa wewe. Kwa hiyo siku yetu huipanga kwa kufuata chakula cha mji, mengine yajipange yenyewe.

Asubuhi ni mahamri na mbaazi za nazi. Achana na meza ya hoteli, toka mapema mahamri yakiwa bado yanatoka kwenye karai. Watoto wangu hupenda kusimama (mbali na mafuta!) waone kile kipande bapa cha unga kikizama, kikiibuka, kisha kikivimba ghafla kama puto. Mbaazi za wengine zimetiwa pilipili, uliza kwanza. Kitinda mimba wangu hazitaki kabisa. Hula hamri tupu akilichovya kwenye chai, nami simbughudhi. Ukichelewa chelewa utakuta sufuria tupu.

Mkishashiba, nendeni Fort Jesus moja kwa moja, kabla mawe hayajashika moto. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Watoto watakimbilia mizinga na ule mfupa mkubwa wa nyangumi, lakini hadithi iliyomnasa mkubwa wangu ni ya kuzingirwa: Waomani waliizunguka ngome tangu 1696 hadi wakaitwaa 1698. "Sasa walikuwa wanakula nini humo ndani?" akauliza. Swali zuri, kwa sababu njaa na maradhi ndiyo yaliyowamaliza wengi kuliko risasi. Baada ya hapo alizikagua kuta zote kwa makini mno, nadhani akitafuta jiko.

Kutoka hapo soko la Marikiti si mbali. Kwa miguu midogo, tuktuk. Patana bei kabla hamjapanda. Nunua mabuyu, ila ujue ile rangi nyekundu haina huruma: vidole, midomo, na shati jeupe la Idi ulilomvisha ili apendeze kwenye picha. Wavishe nguo za rangi nzito. Na kwa kuwa mnapita mitaa ya watu, karibu na misikiti yao, mavazi ya ufukweni yabaki ufukweni.

Mchana, biryani au wali wa nazi kwa samaki, halafu usingizi. Sina la kuongeza hapo.

Jioni ndiyo yenyewe. Jua likipoa tunakwenda Mama Ngina, kule kwenye mibuyu mikubwa kando ya mlango wa bahari. Meli za mizigo zinazoingia Kilindini hupita karibu sana, na mtoto anayekataa kukaa mezani dakika tano atakaa ukutani nusu saa akihesabu makontena. Huku mkononi ana viazi karai: kiazi kilichochemshwa, kikachovywa kwenye rojo la unga lenye bizari, kikakaangwa, kikamwagiwa ukwaju. Kuna muhogo wa kuchoma pia, wanaupasua katikati na kuupaka ndimu, chumvi na pilipili ya unga.

"Nimtilie pilipili mwanao, mamangu?" muuzaji aliniuliza.

"Ndimu na chumvi tu, mama."

Akamtazama mtoto, akacheka, akamtilia chembe moja pembeni "ajifunze". Amejifunza kweli, sasa anadai yake mwenyewe. Dafu liwe karibu.

Siku moja iacheni kwa Haller Park, Bamburi. Zamani palikuwa machimbo ya kiwanda cha saruji, leo ni msitu wenye twiga na kobe wakubwa. Ulizeni getini saa ya kuwalisha twiga, msiibahatishe. Njiani wasimulieni habari ya Owen, mtoto wa kiboko aliyeokolewa karibu na mdomo wa mto Sabaki baada ya tsunami ya Desemba 2004, akaletwa hapo na kujishikiza kwa kobe mzee. Jina la kobe lilikuwa Mzee. Hapo mtaulizwa maswali mpaka mfike.

Ufukweni, ulizeni maji yanajaa saa ngapi. Yakipwa, watoto hucheza kwenye vidimbwi kwa raha zao, lakini wavae viatu vya plastiki, miamba ina viumbe vya miiba.

Kwa usafiri, sisi tunaotoka Nairobi hupanda treni ya SGR. Fikeni stesheni mapema, maana mizigo hupangwa chini inuswe na mbwa wa polisi, na kwa watoto hilo peke yake ni sinema. Kaeni macho mkipita Tsavo, tembo huonekana dirishani. Stesheni ya Mombasa iko Miritini, mbali na kisiwa, kwa hiyo wekeni akiba ya nauli ya kuingia mjini. Na tiketi ya kurudi ikateni pamoja na ya kwenda. Shule zikifungwa Desemba, nafasi huisha upesi mno.