Jinsi Nilivyounganisha PostgreSQL na Apache NiFi

Kwa muda mrefu, kila Jumatatu asubuhi nilikuwa nikitoa malipo ya wanachama kwenye hifadhidata ya chama chetu cha akiba na mikopo, nikiyanakili kwenye Excel, kisha nikiyaingiza kwenye seva ya ripoti. Kazi hiyo ilinimalizia nusu siku, na kosa dogo la kunakili lilitosha kumfanya mwanachama aliyekwisha kulipa aonekane mdaiwa. Ndipo nilipoamua kuiachia kazi hiyo Apache NiFi, programu huria ya kuunganisha na kusafirisha data.

Kwanza nilifungua akaunti mpya katika PostgreSQL, programu inayoendesha hifadhidata yetu, nikaipa ruhusa ya kusoma tu, na kwa majedwali matatu niliyoyahitaji. Kisha ndani ya NiFi nikaijaza huduma iitwayo DBCPConnectionPool, inayotunza muunganisho na hifadhidata: anwani inayoanza na jdbc:postgresql:// pamoja na lango 5432, jina la draiva (programu ndogo inayoiwezesha NiFi kuzungumza na PostgreSQL), mahali faili yake ilipo, akaunti na nywila. Jibu likawa kwamba muunganisho umekataliwa.

Sababu ni kwamba PostgreSQL, isipobadilishwa, husikiliza maombi ya kompyuta ileile tu, na NiFi yangu ilikuwa kwenye seva nyingine. Nilirekebisha listen_addresses, mpangilio unaoamua hifadhidata isikilize kwenye anwani zipi, nikaiwasha upya hifadhidata, na ujumbe ukabadilika: sasa hapakuwa na mstari unaoiruhusu anwani yangu katika pg_hba.conf, faili inayoorodhesha nani anaruhusiwa kuingia kwenye hifadhidata. Nilifarijika, kwa kuwa ombi lilikuwa limeshafika mlangoni. Nikaongeza mstari mmoja, wenye anwani ya seva ya NiFi peke yake. Wapo wanaoandika 0.0.0.0/0, yaani anwani yoyote ile, ili kumaliza haraka. Kwa data ya fedha za watu, nawasihi wasifanye hivyo.

Kosa la tatu lilinichukua siku mbili. Ujumbe ulisema kuwa uthibitishaji wa aina namba 10 hautambuliki, nami nikabadilisha nywila mara kadhaa bila mafanikio, hadi nilipolitazama jina la faili ya draiva na kugundua kwamba toleo lake lilitangulia 42.2.0. Tangu toleo la 14, lililotoka mwaka 2021, PostgreSQL hutunza nywila kwa njia ya usimbaji iitwayo SCRAM-SHA-256 isipoelekezwa vingine, na draiva ile ya zamani haikuijua njia hiyo. Ningeweza kuirudisha hifadhidata kwenye md5, njia ya zamani, lakini huko ni kudhoofisha ulinzi kwa ajili ya faili moja iliyopitwa na wakati. Nilipakua draiva mpya, na huduma ikawaka.

Hata hivyo, kuunganisha si kusoma sawasawa. Kichakataji cha QueryDatabaseTable, sehemu ya NiFi inayosoma jedwali, hukumbuka thamani kubwa zaidi ya safu uliyoichagua, kisha huleta mistari iliyoizidi tu. Nilichagua namba ya muamala; malipo mapya yakaja, lakini yaliyosahihishwa hayakuja, kwa kuwa namba yao haibadiliki. Nikahamia kwenye safu ya muda wa badiliko la mwisho, na upande wa ripoti nikaelekeza kwamba mstari wenye namba iliyokwisha kuwepo usasishwe badala ya kuongezwa wa pili. Mistari iliyofutwa njia hii haiioni kabisa, hivyo kila jioni nalinganisha jumla ya pande zote mbili, na zikitofautiana hata kwa shilingi moja, ripoti haitoki.