Jibu Kwanza, Sifa za Lamu Baadaye

Mgeni anayeuliza Google namna ya kufika Lamu anataka njia. Kurasa nyingi za nyumba zetu za wageni humpokea kwa bahari, milango ya nakshi na vichochoro, aya tatu nzima, na jibu likawa chini kabisa baada ya picha. Kile kisanduku cha jibu kinachokaa juu ya matokeo, ambacho Google ilikianzisha mwaka 2014, huchukua kipande kimoja cha maandishi kinachojitosheleza. Ukurasa usio na kipande hicho hauna cha kuchukuliwa.

Anzia Search Console, zana ya Google inayoonyesha tovuti yako inavyotokea kwenye matokeo, ripoti ya utendaji. Chagua maswali ambayo ukurasa wako uko nafasi ya 1 hadi ya 10, kwa maana kisanduku kwa kawaida hupewa kurasa zilizokwisha kufika mbele. Ukiwa nafasi ya 35, bado una kazi kubwa zaidi ya hii. Kisha litafute kila swali kwa dirisha la faragha, uone kama kisanduku kipo na kina sura gani: aya, orodha au jedwali. Kama kilichopo ni orodha ya hatua, na wewe leta hatua.

Kwa aya, liweke swali kama kichwa kidogo, lebo ya h2 katika msimbo wa ukurasa, kwa maneno ya mgeni mwenyewe. Chini yake, pasiwe na picha wala salamu, jibu la maneno 40 hadi 60. Kwa mfano:

"Lamu hufikiwa kwa ndege au kwa basi. Ndege hutua kisiwa cha Manda, kisha boti huvusha abiria hadi gati ya mji wa Lamu. Basi kutoka Mombasa huishia Mokowe, upande wa bara, na hapo pia hupandwa boti. Vichochoro vya mji havipitiki kwa gari. Mizigo hubebwa kwa mkokoteni au punda."

Ni maneno 47. Tazama kwamba neno "hapa" halimo, wala "kwetu". Kipande kikishang'olewa ukurasani, "hapa" haijulikani ni wapi. Nauli pia haimo, maana bei ikibadilika aya nzima inageuka uongo. Nauli ina mahali pake: jedwali.

Na jedwali ndipo wengi wanapoharibu. Ratiba ya boti hupigwa picha ukutani ikapandishwa vilevile, au safu hupangwa kwa kubonyeza nafasi mara nyingi. Kwa macho inasomeka, lakini Google haioni jedwali. Iandike upya kwa lebo ya table, mstari wa kwanza uwe wa vichwa: kutoka, kwenda, nauli. Hatua nazo ziwe ndani ya ol, lebo ya orodha yenye namba. Tarakimu ulizochapa kwa mkono mbele ya aya hazitoshi.

Kuna wanaouza lebo maalumu za maswali na majibu kana kwamba ndizo zinazoleta kisanduku. Hakuna lebo ya kukiomba. Google huchagua yenyewe. Tena Agosti 2023 Google iliyabana maonyesho ya lebo hizo kwenye matokeo, yakabakia kwa tovuti za serikali na afya zinazoaminika. Usipoteze fedha zako.

Lipo jambo la kupima kabla ya kushangilia. Tangu Januari 2020, ukurasa ulio kisandukuni haurudiwi kwenye matokeo ya kawaida ya ukurasa wa kwanza. Jibu likimtosheleza mtu pale pale, huenda asibonyeze. Linganisha mibonyezo ya wiki nne kabla na nne baada, ukikumbuka msimu wa wageni. Ikishuka, punguza max-snippet, yaani kikomo cha herufi ambazo Google inaruhusiwa kuonyesha, au zungushia data-nosnippet kipande usichotaka kionyeshwe. Nosnippet ya ukurasa mzima usiiguse ovyo: huondoa hata maelezo ya kawaida chini ya jina lako.

Anayebonyeza naye mara nyingi hushushwa moja kwa moja kwenye aya iliyonukuliwa, katikati ya ukurasa. Kitufe chako cha kuweka chumba kilicho juu kabisa hakioni. Weka kingine mara tu baada ya jibu.