Kuku wa Bibi na mahindi ya njano

Mwishoni mwa 1984 Ami yangu alikuwa kuli gatini Kilindini, Mombasa, na kila jioni akiingia uani kwetu Majengo alianza kwa kukung'uta pindo za suruali. Zilidondoka punje. Kuku wa Bibi walishajua saa yake, wakimngojea mlangoni kabla yetu sisi watoto.

Punje zenyewe zilikuwa za njano kama bizari. Nilikuwa na miaka tisa na sijawahi kuona mahindi ya rangi ile. Masika yalikuwa yamekatika mwaka huo, mahindi meupe kutoka Bara yakaadimika, na ukibahatika kupata unga dukani, basi ni huo wa njano. Unapanga foleni, unaupata, unafika nao nyumbani, unagombezwa.

Bibi aliusonga siku moja. Sima ile akaitia kwenye sinia kando ya bakuli la mchuzi wa papa, tukaizunguka tukiitazama. Yeye ndiye aliyemega tonge la kwanza. Alilitafuna polepole, kama mtu anayeogopa mwiba.

"Wenyewe wanakula haya?"

"Wenyewe huwapa ng'ombe," Ami akajibu.

"Basi wangetuletea na nyasi, tujue moja."

Bibi hakuwa amekosea sana. Huko Marekani yalikotoka, mahindi mengi ya njano huishia kwa mifugo. Ila Ami hakucheka. Kutwa nzima alikuwa akiyashughulikia: meli ilikuja na mahindi wazi tumboni, makuli wakayatia maguniani papo hapo gatini, kilo 90 kila gunia, midomo ikashonwa kwa sindano na uzi wa katani. Ncha za vidole vyake zilikuwa zimepasuka, akila sima chumvi ya mchuzi inamwasha.

"Usitupe, Mama. Hayo si ya bure. Karani asema ni mkopo, yatalipwa."

"Na nani?"

Ami akaninyooshea mimi kidole. Watu wakacheka. Mimi nilikwenda kulala na hofu, nikihesabu magunia.

Miaka mingi baadaye, nami nikiwa karani wa kliaringi, kazi ya kutoa mizigo bandarini, ndipo nilipoisoma ile sheria ya Marekani ya 1954 aliyoitia saini Eisenhower, inayojulikana kwa nambari yake, 480. Serikali yao iliwalinda wakulima wao bei isianguke, wakavuna mpaka maghala yakafurika. Ziada ikauzwa kwa nchi zenye shida kwa mkopo wa miaka mingi na riba ndogo, nyingine ikatolewa bure. Kumbe njaa ya mtu ni soko la mwingine, na karatasi zake ziko sawasawa.

Lililonichekesha zaidi ni la 1982. Miaka miwili kabla ya ukame, Benki ya Dunia iliipa Kenya mkopo wake wa pili wa marekebisho ya uchumi, na moja ya masharti yaligusa mahindi: serikali ilegeze mkono wake kwenye biashara hiyo. Njaa ilipobisha hodi, bodi ya nafaka ya serikali hiyohiyo ndiyo iliyoshika usukani wa kuyasambaza mahindi. (Si kwamba bodi walikuwa malaika, muulize mkulima yeyote aliyengojea malipo yake.) Sharti halikufa. Biashara ya mahindi ilikuja kufunguliwa kabisa mwishoni mwa 1993.

Bibi hakuusonga tena unga ule. Uliobaki aliukanda kwa maji akawapa kuku, juu ya zile punje za pindoni. Zikapita wiki mbili, tatu. Asubuhi moja alipasua yai karaini, akanyamaza, akapasua la pili. Viini vilikuwa vyekundu kama jua la magharibi, tulizoea vilivyopauka.

Akageuza uso kuelekea chumbani kwa Ami.

"We! Amka, njoo ule mkopo wako."